Jasho la Vidole Si Ushahidi wa Uongo

Kijana mmoja aliingia bironi kwangu hapa Kalemie na bahasha ya khaki kifuani. Alikuwa amefaulu mtihani wa ONG moja, akaambiwa kwamba kabla ya kusaini mkataba historia yake itachunguzwa. Hakulala usiku ule. “Papa,” akaniuliza, “ni kweli watanifunga ile mashine ya uongo?”

Nilimjibu kwamba katika miaka yangu ya kutengeneza dosie za kazi mjini hapa sijaona mtu akifungwa mashine hiyo. Lakini swali lake nalisikia mara nyingi, na hofu iliyo ndani yake inawafanya watu wema wajiharibie. Basi nieleze mashine yenyewe kwanza, kisha uchunguzi unaofanyika kwetu.

Mashine hiyo, poligrafu, hushika vitu vitatu. Mipira miwili huzungushwa kifuani na tumboni kupima pumzi. Kitambaa kama kile cha kupimia presha hufungwa mkononi kufuata mapigo ya moyo. Vibanio viwili huvishwa vidoleni kupima jasho. Mpimaji anauliza, mistari inajichora. Aliyeviunganisha vipimo vya pumzi na moyo kwa kazi ya polisi ni John Larson, huko Berkeley, California, mwaka 1921. Hakuna mstari hata mmoja unaopima uongo. Yote inapima mshtuko wa mwili, na mwili hushtuka kwa hofu, kwa aibu, kwa hasira, au kwa kusikia jina la ndugu aliyeuawa.

Wazee wa pwani waliujua mshtuko huo zamani. Walikuwa na kiapo cha mkate: mtuhumiwa anapewa tonge lililosomewa maneno, na likimkwama kooni basi ndiye mwizi. Hofu hukausha mate, na tonge halipiti kwenye koo kavu. Tatizo ni kwamba koo la asiye na hatia anayeogopa kusingiziwa hukauka vilevile. Poligrafu ina nyaya na kompyuta, lakini shida yake ni hiyohiyo.

Wapimaji hujaribu kuikwepa kwa maswali ya kulinganisha. Utaulizwa, “Umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini?” Kisha litakuja swali lenyewe: “Umewahi kutoa siri za kazi?” Wanatarajia kwamba mkweli atashtuka zaidi kwenye swali la kwanza, na mwongo kwenye la pili. Ni matarajio tu. Mwaka 2003 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilichapisha hesabu ambayo kila mwajiri angepaswa kuisoma. Chukua wafanyakazi 10,000, kumi kati yao wakiwa majasusi. Ukiitega mashine iwanase majasusi wanane, itawashuku pia watu wasio na hatia takriban 1,600, na majasusi wawili watapita. Aldrich Ames wa CIA, aliyekuwa akiwauzia Wasovieti siri tangu 1985, alipimwa mwaka 1986 na tena 1991. Akapita mara zote mbili, akaja kukamatwa 1994. Marekani hiyohiyo, kwa sheria ya 1988, imewakataza waajiri wengi wa binafsi kuwapima watu wanaoomba kazi. Serikali yake bado inaitumia kwa watu wa usalama.

Sasa turudi Kalemie. Kwetu anayechunguzwa ni karatasi, jina na watu waliokufahamu. Utaombwa diploma, karti ya uchaguzi, hati ya mwenendo mwema na hati ya kuonyesha kama umewahi kuhukumiwa. Utataja waajiri wa zamani, nao watapigiwa simu. Jina lako litapitishwa kwenye orodha za vikwazo, pamoja na ile ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo.

Ugumu huu una sababu, na sitaki msomaji auone kama usumbufu wa wazungu. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 huko Kivu Kaskazini na Ituri, wanawake waliombwa miili yao ili wapewe kazi. Tume huru iliyochunguza jambo hilo, ambayo Mkongo mwenzetu Julienne Lusenge alikuwa mmoja wa wenyeviti wake wawili, ilitoa ripoti Septemba 2021: washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS, Shirika la Afya Duniani. Ili mtu aliyefukuzwa na shirika moja kwa kosa la aina hiyo asivuke barabara na kuajiriwa na jingine, tangu 2019 mashirika mengi yana mpango wa kuulizana juu ya tabia ya mfanyakazi kwa miaka mitano iliyopita. Naunga mkono mpango huo bila kusita.

Ila watu wetu wengi hawaangushwi na tabia. Wanaangushwa na majina. Mobutu alipoondoa majina ya Kikristo mwaka 1972, tulibaki na jina na posti-nomu. Baadaye prenomu zikarudi. Leo mtu mmoja ni Ilunga Mwamba kwenye diploma, Mwamba Ilunga Pierre kwenye karti, na Pierre Ilunga kwenye mkataba wa zamani. Kompyuta ya makao makuu ya shirika huko Geneva inaona watu watatu. Au kinyume chake: Ilunga wote wa jimbo letu la Tanganyika wanakuwa mtu mmoja, na kosa la mmoja linawagonga wengine. Nchi haijafanya sensa tangu 1984, na karti ya kupigia kura ndiyo inayobeba mzigo wa kitambulisho. Karani akikosea herufi siku ya kujiandikisha, kosa hilo unatembea nalo miaka.

Dosie ya kijana yule ilikuwa hivyohivyo. Nilipanga karatasi zake mezani, moja kando ya nyingine, na mwaka wa kuzaliwa ulitofautiana: 1994 hapa, 1996 pale. Akataka kuificha diploma. Nilimkataza. Tuliandika barua fupi: tarehe ya kweli ni hii, kosa lilitokea pale, na ushahidi ni huu. Mchunguzi akikuta tofauti ambayo wewe mwenyewe umeshaieleza, anaandika “imeelezwa” na kuendelea. Akiikuta imefichwa, anaandika “udanganyifu”, na neno hilo ni gumu kufutika. Kufukuzwa kazi vilevile: taja, toa sababu, toa jina la anayeweza kuthibitisha.

Ukiambiwa jina lako limeonekana kwenye orodha, usikimbie. Omba walinganishe tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la baba na la mama. Ni haki yako kuomba hivyo, na mara nyingi jambo huishia hapo. Na yeyote atakayekudai pesa ili “jina lipite”, mwache. Hana uwezo huo.

Tangu MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani, ifunge biro yake hapa mwaka 2022 nafasi zimepungua, na dosie mbovu ndiyo inayowekwa kando kwanza. Leo jioni toa karatasi zako sandukuni, zipange mezani, linganisha herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, nenda komini wiki hii, kabla tangazo la kazi halijabandikwa.