Ukipiga U-turn London, barua hukufuata nyumbani

Wengi wetu tuliojifunzia gari Dar es Salaam au Mombasa tumezoea kugeuza popote penye nafasi. Hapa London tuyaache mazoea hayo. Penye alama ya kukataza U-turn, kamera hunasa namba ya gari, na barua ya faini huenda kwa mmiliki aliyeandikishwa, hata kama dereva alikuwa rafiki aliyeliazima. Ukilipa ndani ya siku 14 unatoa nusu tu. Ukinyamaza, faini hupanda kwa asilimia 50, na mwisho madalali hubisha hodi. Kwa hiyo ndugu zetu, mkihama nyumba badilisheni anwani DVLA mapema. Na kwenye M1 au M25 msigeuze kabisa. Hilo ni la polisi na mahakama.