Wayahudi Waliowakanya Wayahudi Wenzao

Tarehe 1 Aprili 1925, juu ya Mlima Scopus ulio karibu na Yerusalemu, kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Kiebrania. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Dr. Judah Magnes, rabi aliyezaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1877, akahamia Palestina mwaka 1922. Bwana huyu alikuwa Mzayuni, maana yake aliamini kwamba Wayahudi wana haki ya kurudi katika nchi ya baba zao. Lakini aliamini pia jambo la pili, ambalo wengi wa wenzake hawakupenda kulisikia: ya kwamba Waarabu nao wako kwao, na mtu hawezi kujenga nyumba yake juu ya mgongo wa jirani yake.

Basi mwaka 1942 Magnes, pamoja na Martin Buber, mwanafalsafa aliyetoka Ujerumani mwaka 1938, na Bibi Henrietta Szold, waliunda chama kidogo kiitwacho Ihud, yaani Umoja. Walitaka dola moja ya mataifa mawili, Wayahudi na Waarabu wakitawala kwa usawa, wala asiwepo wa kumtawala mwenziwe. Waliitwa waota ndoto, na wengine waliwaita wasaliti. Hata upande wa Waarabu ilikuwa hatari kuwakubali. Fawzi Darwish al-Husayni, Mwarabu wa Yerusalemu aliyetia sahihi mapatano na Wayahudi wa mawazo hayo mwezi wa Novemba 1946, aliuawa kabla ya mwezi huo kwisha.

Wakati huo vikundi vya Wayahudi vya Irgun na Lehi vilikuwa vimekwisha kushika bunduki na baruti. Tarehe 22 Julai 1946 Irgun walilipua hoteli ya King David, iliyokuwa na ofisi za Serikali ya Kiingereza. Watu 91 walikufa, Waarabu, Waingereza na Wayahudi, na miongoni mwao walikuwamo makarani waliokuwa mezani kwa kazi yao ya kila siku. (Wafungwa kadha wa vikundi hivyo waliletwa hata Gilgil, katika Kenya, wakakaa huko mpaka Julai 1948.)

Tarehe 9 Aprili 1948 watu wa Irgun na Lehi waliingia katika kijiji cha Deir Yassin na kuua Waarabu zaidi ya mia moja, pamoja na wanawake na watoto. Siku nne baadaye Waarabu waliushambulia msafara wa magari uliokuwa ukipanda Mlima Scopus, wakaua watu 78, wengi wao wakiwa waganga, wauguzi na watu wa Chuo Kikuu cha Magnes mwenyewe. Hapana budi msiba huo ulimchoma moyo kuliko yote. Hata hivyo hakugeuza neno lake. Alikwenda Marekani kumwomba Rais Truman asaidie kusimamisha vita, na huko New York akafa tarehe 27 Oktoba 1948.

Zilipita wiki chache tu, na Menachem Begin, aliyekuwa mkuu wa Irgun, akazuru Marekani kutafutia chama chake kipya msaada. Tarehe 4 Desemba gazeti la New York Times lilichapa barua iliyotiwa sahihi na Albert Einstein, Hannah Arendt na wengine wengi. Waliitaja Deir Yassin waziwazi, wakasema chama hicho kwa mipango na njia zake kilifanana na vyama vya Wanazi na Wafashisti. Lilikuwa neno zito mno. Einstein na Arendt wote wawili waliipoteza Ujerumani kwa sababu ya Hitler, wala hawakuwa watu wa kulitaja jina la Wanazi kwa mchezo. Lakini Begin naye wazazi wake waliuawa na Wanazi, na jambo hilo huenda lilimfundisha somo jingine kabisa. Mwaka 1977 akawa Waziri Mkuu wa Israeli, na mwaka 1979 akafanya mapatano ya amani na Misri.

Buber aliikubali dola ya Israeli ilipokwisha kusimama, lakini hakunyamaza. Aliendelea kuwatetea Waarabu waliobaki humo chini ya utawala wa kijeshi. Alipozikwa Yerusalemu mwaka 1965, wanafunzi wa Kiarabu wa Chuo Kikuu waliweka shada la maua juu ya kaburi lake.