Ziwani, Lakini Wapi?

Sisi wa Buzebazeba twaulizwa sana na wageni, "Ziwani ni wapi?" Hatuwezi kujibu kabla ya kujua mgeni ataka nini, kwani ziwa ni moja lakini njia za kuliendea ni nyingi.

Ashukaye garimoshi amekwisha fika Kigoma. Stesheni, kazi ya Wajerumani ambao reli yao ilifika mwaka 1914, iko karibu na bandari ya meli kubwa. Lakini atakaye kwenda Gombe kuwatazama sokwe asingoje hapo. Barabara ya gari kwenda huko hakuna. Boti za abiria huondokea mwalo wa Kibirizi, kaskazini ya mji. Aulize saa ya boti tangu jana yake, maana akiachwa atalala mjini, apende asipende.

Ujiji ni upande mwingine kabisa: daladala kupitia Mwanga, kilometa kama 8. Huko ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871. Mwembe wa siku zile ulikufa zamani. Iliyopo yasemekana ni vizazi vyake. Mizigo aiache Kigoma, kwani vichochoro vya Ujiji vyataka miguu, na wazee wa barazani huamkiwa kwanza ndipo wakaulizwa njia.