Bati na Mabati Si Kitu Kimoja

Mara nyingi twasikia mtu akisema, "Nimeezeka nyumba yangu kwa bati." Usemi huo si kosa, maana ndiyo desturi ya lugha yetu, walakini ni vema wasomaji wetu wajue ya kuwa bati la paa na bati halisi ni vitu mbalimbali, kwa kuwa kutojua jambo hili kwaweza kudhuru watu katika chakula chao.

Bati halisi ni madini meupe yang'aayo kama fedha, nayo ni laini hata kisu chaweza kuyakata. Huyeyuka upesi, katika moto wa digrii 232 tu, hali chuma hakiyeyuki mpaka moto upite digrii 1,500. Kipande chake kikipindwa hutoa sauti ya kukwaruza, nayo huitwa "kilio cha bati".

Asili yake ni jiwe zito, jeusi au la rangi ya kahawia, liitwalo kasiterite. Jiwe hilo huonekana Kyerwa, Rwanda na Kongo ya mashariki. Hupondwa, huoshwa kwa maji mengi ili mchanga uchukuliwe, kisha huyeyushwa pamoja na makaa hata bati likatoka. Likichanganywa na shaba, hupatikana madini magumu kuliko shaba tupu, ambayo watu wa kale walifulia silaha.

Mwaka 1810 Mwingereza Peter Durand alipewa hati ya serikali kwa njia ya kuhifadhi chakula katika vyombo vya chuma kilichopakwa bati. Hiyo ndiyo asili ya makopo. Bati haliharibiwi upesi na maji wala hewa, na chakula hukaa ndani yake salama.

Je, mabati ya paa? Hayo ni chuma kilichopakwa zinki. Yakikwaruzwa, zinki huliwa kwanza na chuma husalimika. Kwa hiyo yafaa sana kwa mvua. Lakini zinki huyeyuka katika vitu vikali. Basi msitie maji ya ndimu, siki, ukwaju wala pombe katika ndoo au pipa lililopakwa zinki, maana wanywao waweza kutapika na kuumwa sana na tumbo.

Tena, sufuria ya shaba iliyopakwa bati ndani, mkiona wekundu wa shaba umetokea, ipelekeni kwa fundi aipake upya kabla ya kuipikia. Na kopo la chakula lililovimba litupwe, ijapokuwa chakula chake hakinuki.

Twawaomba waalimu wawaonyeshe watoto kopo na kipande cha bati la paa, wawaeleze tofauti yake. Na machifu wayakumbushe haya barazani, hasa karibu na siku za arusi na ngoma, ambapo pombe hupikwa nyingi na vyombo huazimwa ovyo.