Je, Wajua? Kisa Kifupi Si Kisa cha Uongo

Je, wajua kwamba mtoto mwenye ulemavu wa kujifunza mara nyingi huanza kisa katikati? Tuseme yuko Makongolosi, wilayani Chunya, na ameona mkanda wa karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ukikatika mwaloni yanakochenjuliwa. Jioni anamwambia mama yake: "Baba kapiga kelele. Karasha kimya. Watu wakakimbia." Mkanda hakuutaja. Mama, ambaye hakuwepo, anaona mwanawe anabuni. Kumbe yote matatu yametokea. Kilichokosekana ni viungo: kipi kilitangulia, nini kilisababisha nini, nani aliogopa na kwa nini. Viungo hivyo ndivyo vinavyomlemea, kwa kuwa msimulizi hushika kisa kizima kichwani huku akitafuta maneno, na papo hapo akumbuke kwamba msikilizaji hakuona kitu.

Je, wajua kwamba kumbukumbu yake inaweza kuwa nzima? Mwaka 2012 Deirdre Brown, Michael Lamb na wenzao walichapisha utafiti wa watoto wenye ulemavu wa akili walioshirikishwa katika tukio lililoandaliwa, kisha wakahojiwa, wengine baada ya wiki moja, wengine baada ya miezi sita. Wenye ulemavu usio mkali walisimulia vizuri walipoulizwa maswali ya wazi, kama "niambie ilikuwaje".

Anayeharibu kisa mara nyingi ni muulizaji. Ukisema, "Aliyekupiga ni Juma, siyo?" huenda ukajibiwa ndiyo, hata kama Juma hakuwepo. Rudia swali lile lile, jibu laweza kugeuka, maana darasani mwalimu akirudia swali, mtoto hujua amekosea. Na kwetu, kumwambia mtu mzima "hapana" huonekana ufedhuli. Kwa hiyo "ndiyo" ya mtoto huyu mimi siihesabu kuwa habari mpaka nijue aliulizwa vipi.

Je, wajua kwamba watoto wengine huitwa wazito wa kuelewa bure? Dhahabu ya Chunya imevuta watu wa makabila mengi, na mtoto aliyekulia kwenye Kisukuma au Kinyakyusa anaweza kukwama kwa Kiswahili tu. Wengine hawajazoea tu majaribio. Bagamoyo, katika utafiti wa Robert Sternberg na wenzake uliochapishwa mwaka 2002, wanafunzi walielekezwa kwa muda mfupi namna ya kufanya majaribio ya akili. Alama zikapanda, na alama za mwanzo hazikutabiri vizuri nani angefanya vyema baadaye.

Je, wajua sheria inasemaje mtoto kama huyu akiitwa kutoa ushahidi? Sheria ya Ushahidi ya Tanzania humpokea kila mtu kuwa shahidi, isipokuwa mahakama ione kwamba hawezi kuelewa maswali au kuyajibu kwa mantiki. Asiyeweza kusema hueleza kwa maandishi au ishara. Na tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo: anaahidi kusema kweli na si uongo, kisha anasikilizwa.