Banda la Kuku Lisilete Maradhi Nyumbani

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kikundi chetu alinishika mkono akasema, "Dada nesi, twende ukaone banda langu la kuku." Nilimfuata kwa furaha. Uani nilimkuta fundi akikata kwa msumeno bati la zamani la asbesto, lililotoka kwenye nyumba iliyobomolewa. Vumbi lilikuwa limetanda, na watoto wawili walikuwa wakicheza hapo hapo. Jikoni, maharage yalichemka kwa kuni za mabaki ya nguzo ya kijani.

"Vyote nimepewa bure," alisema yule mama. Furaha yangu iliisha.

Akina mama wapendwa, kuku hutupatia mayai, kitoweo na fedha za daftari. Lakini kabla hujapokea kifaa chochote cha kujengea, uliza: Kimetoka wapi, na kimepakwa nini?

VITU VYA KUEPUKA

Asbesto. Ikikatwa, ikitobolewa au ikivunjwa hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Zikivutwa hukaa mapafuni, na baada ya miaka 20, 30 au zaidi zaweza kuleta saratani. Mtoto anayevuta vumbi hilo leo huenda akaugua akiwa mzazi.

Nguzo na mbao zilizotiwa dawa. Nyingi zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Mbao hizo zisiwe vichanja vya kulalia kuku, na mabaki yake yasiwe kuni kamwe, kwa sababu sumu hubaki katika moshi na majivu. Je, si majivu hayo hayo tunayosugulia sufuria?

Oili chafu ya magari. Wengi huipaka kuzuia mchwa. Kuku huikanyaga, na watoto hujipaka mikononi wanapookota mayai.

Mbao zenye rangi ya zamani. Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Kuku hudonoa magamba yake, na risasi hupita hadi kwenye yai. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto huharibu ubongo na kumpunguzia uwezo wa kujifunza.

VITU VINAVYOFAA

Tumia mianzi, miti mikavu isiyopakwa dawa, tofali za udongo, bati la kawaida na wavu wa kuku. Kwa ajili ya mchwa, simamisha miti juu ya mawe au zege ili isiguse udongo, na ukague kila wiki. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua kali lisiingie ubavuni.

Sakafuni tandaza maranda makavu au pumba za mpunga. Muulize seremala kama maranda hayo yametoka kwenye mbao zenye dawa. Yakilowa yaondoe, maana ukungu huumiza mapafu ya kuku na ya anayefagia. Na kila atokaye bandani anawe mikono kwa sabuni.

Siku ile tulimsimamisha fundi na kuwaondoa watoto. Hatukufagia, tulilowanisha vumbi kwa maji, tukafunga vipande kwenye nailoni nene, tukamwita bwana afya atuelekeze pa kuvipeleka. Kuni za kijani tulizitoa jikoni, na majivu yake hayakugusa sufuria wala bustani.

Ilimchukua yule mama miezi mitatu kupata mianzi na tofali. Alinung'unika kidogo, nami nilimwelewa, kwani fedha ni ngumu. Juzi aliniletea mayai sita ndani ya kikapu. Akacheka, akasema, "Dada nesi, haya usiniulize yametoka wapi."

Mama mwenzangu, kinga ni bora kuliko tiba. Cha bure kikague mara mbili kabla hakijaingia uani mwako.