Kununua ama kuuza? Kikantoni kidogo kwa wanaosafiri Guangzhou

Mama mmoja muuza vitenge hapa Marabo, kwenye barabara ya Bunia-Komanda, anajitayarisha kwenda Guangzhou, Uchina, mara yake ya kwanza. Pesa ni ya likelemba, haina mchezo. Ameniuliza: ashike maneno gani ili wasimpite kwa bei mbele ya macho yake?

Kwanza tuelewane. Lugha ya serikali kule ni Kimandarini, na katika maduka ya jumla ndiyo unasikia sana, sababu wauzaji wengi wametoka majimbo mengine. Aanze nayo. Lakini mji wenyewe ni wa Kikantoni, sawa na Hong Kong, na mwenyeji akisikia neno la kwao, uso unafunguka.

Shida ni sauti. Kikantoni kina sauti sita. Neno "maai" ukilipandisha kidogo kutoka chini, ni kununua. Ukilishika chini bila kulipandisha, ni kuuza. Hebu fikiria hiyo mbele ya mzigo wako! Kiswahili hakitusaidii hapo. Lakini anayesema Kilendu, Kingiti ama Kinande anajua tangu utoto kwamba sauti inageuza neno. Sikio analo tayari.

Jambo lingine: kukariri orodha ya maneno hakutoshi. Utaambiwa "do je" ni asante. Ni kweli, ila ni asante ya zawadi, ama ya muuzaji ukimlipa. Mtu akikupisha njia ama akikuletea chai, unasema "m goi". Hilo hilo unamwitia mhudumu wa hoteli. Kwa siku moja utalitumia kuliko maneno mengine yote.

Bei unauliza "gei do chin?" Kupunguziwa ni "peng di la!" Ile "la" ya mwisho usiiache. Inafanya kazi kama "basi" yetu katika "punguza basi": bila hiyo unaonekana unatoa amri.

Mimi nimemshauri mama aombe mtu anayerudi kutoka kule amrekodie sentensi nzima kwenye simu, kisha azirudilie nyumbani kila siku akipika, kwa sauti, hata watoto wakicheka. Bei ya mwisho, hata hivyo, iandikwe kwenye mashine ya hesabu, wote wawili waione, kabla hajatoa pesa.